Chai ya Madereva wa Mai Mahiu

Kazi yangu ni kutema chai. Ndivyo ndugu zangu wanavyonitambulisha kwa wageni, na ni kweli. Nachota chai kwa kijiko, naivuta kwa kelele ambayo mama yetu angenichapia, naizungusha mdomoni, kisha naitema kwenye ndoo. Halafu kikombe kinachofuata. Kwa asubuhi moja naweza kupitia vikombe thelathini na nisimeze hata funda moja. "Nyumba hii ina watu wenye digrii," ndugu yangu anayenifuata hupenda kusema, "na aliyeishia kidato cha pili ndiye analipwa kutema."

Natemea chai katika godauni moja ya kupakia majani hapa Nakuru, upande wa viwandani, mwendo wa miguu kutoka mtaa wa Rhonda tunakoishi. Mwenye godauni namwita Mzee, kwa sababu kila mtu anamwita hivyo, hata mkewe. Niliingia pale nikiwa na miaka kumi na sita, kushona magunia. Baba alikuwa amefariki, na mama akamfuata miezi michache baadaye, na kati ya watoto wanne mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Sikulia sana kuacha shule. Nilikunja sweta langu la shule nikampa ndugu yangu huyo anayenifuata, ambaye alilivaa miaka mitatu akidai kwa kila mtu kwamba lilikuwa la kiume.

Jumamosi wafanyakazi tuligawiwa majani yaliyomwagika karibu na mizani. Yalikuwa ya kila aina, na mimi niliyatenga nyumbani kwenye mikebe mitatu ya mafuta ya kupikia, nikawa nayachanganya kila asubuhi kwa kubahatisha. Wateja wangu wa kwanza walikuwa hao wadogo zangu, nao hawakuwa na huruma. Kitindamimba wetu, dada mdogo aliyekuwa na miaka sita, alikuwa mkali kuliko wote. Alikunywa, akakunja uso, akasema, "Hii ya leo ina hasira." Siku nyingine: "Hii imelala." Mimi nilicheka, lakini kesho yake nilipunguza mkebe wa hasira.

Miaka michache baadaye Mzee akapatwa na mafua mabaya, pua ikaziba wiki mbili nzima. Akaniita kwenye meza ya kuonjea, si kwa sababu ya kipaji, bali kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu na mlango. Nilionja nikamwambia, "Hii ina hasira. Hii imelala. Hii inanukia lakini haina kazi." Alicheka mpaka akakohoa, ila akachanganya nilivyosema. Nimekaa kwenye kile kiti cha wiki mbili kwa miaka kumi na minne sasa.

Watu wengi hunywa chai kutwa mara tatu na hawajui ilikotoka, nami siwalaumu, maana safari yake ni ya kuchekesha. Majani yanachumwa Kericho, Nandi, Bomet, yanasagwa kiwandani kulekule milimani, kisha yanapakiwa kwenye lori na kupita hapa Nakuru, mbele ya lango letu, yakienda Mombasa. Huko kuna mnada. Madalali na wanunuzi wanapewa sampuli, wanavuta na kutema kama mimi, wanabishana bei, na nyingi inapanda meli. Ile Mzee anayonunua inapakiwa tena kwenye lori na kupanda mlima wote huo kuturudia. Nimewahi kumuuliza kwa nini tusisimame tu barabarani tukaipungia mkono ishuke hapahapa. Alinitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini mvua hainyeshi juu ya mashamba peke yake. Siku hizi majani mengine tunachukua moja kwa moja kwa viwanda, lakini Mzee ni mtu wa mnada, na chai ambayo haijaiona bahari haiamini sana.

Babu yangu, aliyeletwa Nakuru na kazi ya reli, alikuwa akisema wazungu walipoileta chai huku miinukoni, Mwafrika aliruhusiwa kuichuma lakini si kuipanda. Mashamba yake mwenyewe aliyapata baadaye sana. Chai nzuri ilisafiri, na majani yaliyobaki, yale laini kama unga, ndiyo tuliyoachiwa sisi. Hata leo aina ile inaitwa vumbi, na kuna wateja wanaodhani tumeifagia sakafuni. Mimi naitetea vumbi popote. Inatoa rangi kabla hujageuka kutafuta sukari. Tena nina nadharia yangu, ambayo sijaiona katika kitabu chochote: sisi tulianza kupika chai kwa kuichemsha pamoja na maziwa ili kuilazimisha itoe kila kitu ilichonacho. Mwingereza anaimwagia maji ya moto na kuisubiri kwa adabu. Sisi tunaihoji mpaka ikiri.

Basi kuchanganya ni kutafuta chai inayoweza kuhojiwa bila kuvunjika. Mchanganyiko wetu mkubwa una majani ya aina nne. Moja la nguvu, moja la rangi, moja la harufu, na la nne, ambalo ni mpole na la bei nafuu, linakaa katikati kuwapatanisha wengine. Tunayamimina kwenye pipa la kuzungusha, na kabla ya hapo mimi napika sampuli, naonja strungi kwanza, yaani bila maziwa, kisha naionja na maziwa. Anayekunywa zaidi mchanganyiko huu ni dereva wa lori. Tunauuza vibandani kuanzia Kikopey, ambako watu wanateremsha nyama choma kwa chai, mpaka chini kabisa Mai Mahiu, ambako malori yanapumzika kabla ya kupanda mteremko au baada ya kuushuka. Na Mai Mahiu kuna mama mmoja mwenye kibanda, ambaye kila mtu anamwita Mathe, anayechukua magunia yetu na kuwagawia wenye vibanda wengine wa barabara ile. Mathe akinywa, barabara nzima inakunywa.

Mwaka jana, baada ya mvua ndefu, Mathe alimpigia Mzee simu. Mimi nilikuwa mezani, na Mzee huweka simu kwenye spika kwa sababu anaamini ikigusa sikio inaibiwa salio.

"Mzee, chai yako imekuwa ya wagonjwa."

"Ya wagonjwa vipi, Mathe?"

"Madereva wanakunywa wanauliza kama nimewapikia uji. Jana mmoja ameniambia ameota anakunywa chai, akaamka akiwa amekunywa yangu. Unaona matusi hayo?"

Mzee alinitazama. Nikatikisa kichwa. Nilikuwa nimeonja asubuhi ileile na chai ilikuwa imesimama sawasawa.

"Mtu wangu anasema chai ni ileile," alisema Mzee.

"Basi mtu wako aje ainywe hapa. Nampa mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Kuna watu wa Nairobi wameniletea pakiti za bure, na bure yenyewe ni tamu."

Alipokata simu, Mzee hakupiga kelele. Ni bora angepiga. Alisema kwa upole kwamba Mathe akiondoka, barabara nzima inaondoka naye, na bila barabara ile hana sababu ya kununua majani manne na kukaa na meza ya kuonjea. Atanunua chai iliyokwisha kuchanganywa kutoka Nairobi, sisi tutie tu kwenye pakiti na kushona. "Na mashine ya kushona unaijua," aliniambia. Hakusema kwa ubaya. Lakini nilielewa kwamba nilikuwa na siku tisa za kubaki kwenye kile kiti, na kwamba baada ya hapo ulimi wangu ungekuwa wa kuongelea tu.

Nilifika nyumbani nimekasirika. Kitindamimba alikuwa amekuja kututembelea. Sasa ni mwalimu wa kemia, mtu mzima, lakini bado anaonja chai yangu kana kwamba anasahihisha mtihani. Nilimwambia juu ya Mathe. Akasema, "Sasa dada, si uende tu uonje? Unaogopa nini?"

"Siogopi. Ulimi wangu haujabadilika."

"Hakuna aliyesema ulimi. Ni wewe umesema ulimi."

Huyo ndiye niliyemlea kwa mikono yangu miwili.

Jumatatu nilipanda pikapu ya godauni pamoja na dereva wetu na pakiti tatu za mchanganyiko uleule. Nilikuwa nimejiandaa kwa heshima zote kumwonyesha Mathe kwamba anachemsha vibaya. Niliandaa hata maneno. Ningemwambia, "Mathe, labda sufuria yako imezeeka."

Sufuria yake ilikuwa inang'aa. Mathe mwenyewe ni mwanamke mrefu, mwenye leso kichwani na sauti ya kuita malori. Alinitazama kuanzia viatu.

"Ndiye wewe mtu wa majani? Nilidhani wewe ni mzee mwenye ndevu. Keti."

Alifungua pakiti yangu mwenyewe, akapika mbele yangu, maji, majani, maziwa, sukari, akaiacha ipande mara tatu. Sikuona kosa hata moja, jambo lililoniudhi. Madereva wawili waliokuwa wakila chapati waligeuza viti vyao ili waone vizuri. Nikavuta kijiko kwa kelele yangu ya kazini.

"Wee!" mmoja alisema. "Huyu anakunywa chai kama injini ya Fuso."

"Mwache," alisema mwenzake. "Anatafuta ladha. Na hataipata."

Kweli, sikuipata. Rangi ilikuwepo, nyeusi hata kuzidi ya kwetu, lakini ndani yake hapakuwa na mtu. Ilikuwa imelala fofofo. Nilionja tena nikitumaini mara ya pili itaamka. Mathe alisimama mikono kiunoni, akingoja hukumu yangu.

Nilikuwa na kiu na aibu, nikatoa chupa yangu ya maji niliyojaza godauni asubuhi, nikanywa. Na hapo, na funda likiwa bado mdomoni, nikasita. Maji yale yalikuwa hayana ladha yoyote. Kisha nikaomba kikombe cha maji ya Mathe, yale ya kisima yanayoletwa kwa mikokoteni. Yalikuwa na chumvi, na uzito fulani, kama maji niliyokulia.

"Mathe, nakuomba sufuria ndogo."

"Unataka kunipikia kwangu?"

"Kikombe kimoja tu. Majani ni yaleyale. Nabadilisha maji."

Alinipa, huku akiwaambia madereva wahesabu vijiko vyake. Nilipika strungi mbili, moja kwa maji yake, moja kwa maji ya chupa yangu, majani sawa, muda sawa. Ya maji yake ilitoka nyeusi na bubu. Ya maji yangu ilitoka nyekundu, inang'aa, na ilipogusa ulimi ilisimama wima kama askari wa gwaride. Mathe alionja zote mbili. Akarudi kwenye ile ya pili.

"Sasa hii ndiyo chai yangu ya zamani. Umeificha wapi?"

Ilinibidi kumweleza, na madereva wakisikiliza. Miezi miwili kabla, kitindamimba alikuwa ameniletea godauni zawadi: mashine ya kuchuja maji, ya kufunga chini ya sinki. Sisi watu wa Nakuru tunajulikana kwa meno. Maji yetu yana madini yanayoyapaka kahawia tangu utotoni, na ukifika Nairobi ukicheka tu, wanakuuliza kama Nakuru mvua imenyesha, kana kwamba ni tope. Yeye, mwalimu wa kemia, alikuwa ameapa kwamba dada yake hatakunywa tena maji yale kazini. Alilipa kwa mshahara wake. Nilikuwa na fahari sana hata sikufikiri. Niliyatumia maji hayo kunywa, kunawa uso, na kupikia sampuli.

Mashine ile inachuja madini na kila kitu kingine. Chai kwenye maji yasiyo na kitu inakuwa kali na changamfu. Asubuhi ya kwanza nilionja nikaona mchanganyiko una hasira, nikalaumu majani mapya ya nguvu yaliyotoka milimani. Nikayapunguza, nikaongeza yule mpole wa katikati. Wiki iliyofuata nikapunguza tena. Kwa miezi miwili nilikuwa nikitengeneza, kwa ustadi mkubwa, chai ya kunywewa na watu watatu duniani: mimi, Mzee, na mlinzi wa lango. Huku chini ya mteremko, kwenye maji mazito, chai hiyohiyo ilikuwa inazama.

Wa kwanza kucheka alikuwa yule wa Fuso. "Kwa hivyo, mathe mdogo, shida ni kwamba maji yenu yamekuwa safi?"

"Ndiyo."

"Tuombeeni na sisi tupate shida hiyo."

Mathe hakucheka. Alinijazia jerikeni ya lita ishirini kutoka kwenye tangi lake, akaikaza kifuniko. "Jumamosi bado ni Jumamosi," alisema.

Njiani kurudi, karibu na Gilgil, askari wa barabarani alitusimamisha. Aliiona jerikeni miguuni mwangu, akaniamuru niifungue. Akainusa, akatia kidole, akalamba.

"Hii ni maji."

"Ni maji, afande."

"Ya wapi?"

"Mai Mahiu."

"Na unapeleka wapi?"

"Nakuru."

Alinitazama, kisha akamtazama dereva wetu kwa huruma. "Boss, mpeleke nyumbani polepole," alisema.

Siku tatu zilizofuata sikuigusa mashine ya sinki. Nilipika kila sampuli kwa maji ya Mathe, nikiyapima kama dawa. Nilirudisha majani ya nguvu mahali pake, na haikutosha, kwa sababu shehena ile mpya kweli ilikuwa pole kidogo, kwa hiyo hata kosa langu halikuwa safi. Nikaongeza majani makali ya Nandi kwa kiasi cha kijiko, nikampunguza yule mpole mpaka akabaki kama mgeni wa kupita. Mzee alikuja kila baada ya muda, akaonja, akaondoka. Ijumaa alisema tu, "Inaongea." Lakini Mzee hanunui chai kibandani.

Jioni ile kitindamimba alinipigia, na ilinibidi kumwambia, kwa sababu nilijua ndugu yetu angemwambia kabla yangu na kwa nyongeza.

"Kwa hivyo zawadi yangu ndiyo iliharibu chai," alisema.

"Zawadi yako haina kosa. Aliyeonja kwa maji yasiyo ya mteja ni mimi."

"Dada, hilo ni jambo la kwanza tunafundisha kidato cha kwanza. Usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja."

"Mimi niliishia cha pili."

"Cha kwanza si ulipita?"

Nilikata simu. Kisha nikampigia tena, maana nilitaka kumwambia kwamba mashine itabaki na kwamba nitaendelea kunywa maji yake mpaka meno yaote upya. Akaniambia meno hayaoti upya. Hata kwa hilo alikuwa na jibu tayari.

Jumamosi tuliwasili Mai Mahiu saa nne asubuhi, malori yamejaa pande zote mbili za barabara. Mathe alikuwa ameweka pakiti za watu wa Nairobi juu ya meza, mahali ambapo singeweza kutoziona. Nilimpa pakiti yangu. Aliipika kwa maji yake, bila kuharakisha, akanimiminia, akajimiminia, kisha akamwita dereva wa kwanza aliyeshuka kwenye lori, mtu ambaye hakujua lolote juu yetu, akampa kikombe.

"Ni ya nini?" aliuliza yule.

"Kunywa. Maswali baadaye."

Alikunywa akiwa amesimama, akitazama lori lake. Mimi nilimtazama yeye. Nilikuwa nimekwisha kujiona kwenye ile mashine ya kushona, nikiwaza kama pedali yake bado inang'ang'ana. Alimaliza nusu, akakaa chini. Akavuta sahani ya mandazi. Akamaliza nusu nyingine, akasukuma kikombe kwa Mathe bila kumtazama, kama mtu anavyosukuma kikombe nyumbani kwake, akaendelea kutafuna.

Mathe akamjazia. Ndipo akaonja yake mwenyewe, kwa mara ya kwanza, na kuvuta kijiko kwa kelele ileile yangu, akinikejeli.

"Bado ina kiburi kidogo," alisema.

"Naweza kupunguza."

"Usiguse!" Aliichukua pakiti ya Nairobi juu ya meza, akaifungua, akaimimina kwenye sufuria ya maji ya kuoshea vyombo. "Wewe ukigusagusa ndiyo tunapata shida. Magunia manane. Na mwambie Mzee, kila mvua ikianza maji ya hapa yanabadilika, kwa hivyo mtu wake aje kuonja. Si yeye. Wewe."

Dereva wetu alianza kushusha magunia. Mimi nilibaki nimeketi na kikombe changu, sikuwa na ndoo karibu, na madereva wote walikuwa wananiangalia kuona nitatema wapi. Nikameza.